Karakana ya Wasomaji: Milango ya Kabati Yenye Paneli za Mwinuko

Barua za safari hii nyingi zimehusu jambo moja, nalo ni milango ya kabati, hasa ya jikoni, yenye paneli ya mwinuko, yaani ile ambayo katikati yake husimama kama kifua na kingo zake huchongwa zikashuka hadi kuingia ndani ya fremu. Nimechagua barua tano na kuzijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Mashine ya kuchongea mbao kwa kisu kinachozunguka, kisu chenyewe kikiitwa biti, nitaiita rauta, kama inavyoitwa na mafundi wengi, wala isichanganywe na ruta ya intaneti. Vipande viwili vya wima vya fremu ya mlango nitaviita miimo, neno ambalo katika milango ya kale ya Lamu na Unguja hutumika kwa nguzo za pembeni. Vile vya kulala, cha juu na cha chini, nitaviita milalo. Njia iliyochimbwa kwenye ukingo wa ndani wa fremu ni mfereji, na ukingo mwembamba wa paneli unaoingia humo ni ulimi.

Ndugu mhariri, mwezi wa Aprili mwaka jana nilitengenezewa kabati la jikoni la mkangazi jijini Dar es Salaam, nikalisafirisha hadi nyumbani kwangu Dodoma. Ilipofika Septemba, paneli 4 kati ya 12 zilikuwa zimepasuka kutoka juu hadi chini, ingawa hakuna aliyezigonga. Fundi anasema mbao zilikuwa kavu na kwamba kabati liliumia njiani. Je, ni kweli? Na milango hiyo inatengenezeka?
*Msomaji, Dodoma*

Barabara haina hatia, ndugu yangu. Ubao uliogongwa huvunjika mahali ulipogongwa, ilhali ubao uliopasuka kwa kufuata nyuzi zake kutoka ncha hadi ncha, miezi mitano baada ya kuhama, umepasuka kwa sababu ulitaka kusinyaa ukazuiwa.

Ubao haukomi kunywa na kutoa unyevu wa hewa hata baada ya kukauka. Hewa ya Pwani wakati wa masika ni nzito, na ubao uliokaa humo unaweza kutulia ukiwa na unyevu wa asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Ukiuhamishia Dodoma, ambako tangu Mei hadi karibu Novemba mvua ni ya kuhesabu, utashuka hadi asilimia 9 au 10. Kwa mbao za jamii ya mkangazi, makadirio ya kufanyia kazi ni kwamba upana hupungua kiasi cha sehemu 2 katika 1,000 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Paneli ya milimita 300 ikipoteza asilimia 5 itapungua basi milimita 3. Urefu, yaani upande unaofuata nyuzi, hausogei kiasi cha kukusumbua. Kwa hiyo huenda fundi wako alisema kweli kwamba mbao zilikuwa kavu, lakini zilikuwa kavu kwa kipimo cha Dar es Salaam.

Milimita 3 si balaa kama paneli imeachwa huru ndani ya mfereji wake. Itajivuta kidogo, ulimi utatoka nje kidogo, basi. Fremu iliundwa tangu zamani kwa ajili hiyo hasa: ishike paneli isipinde, na wakati huohuo iiache ipumue. Nashuku kwamba paneli zako zilipakwa gundi mferejini, au zilipigiwa misumari midogo kwa nyuma ili zisicheze. Hakikisha hivi: chagua mlango ambao haujapasuka, uweke mezani, bana paneli kwa viganja vyote viwili na ujaribu kuisogeza kushoto na kulia. Ikisogea hata kwa unywele, iko huru. Isiposogea, tazama nyuma kama kuna vichwa vya misumari. Usipoviona, mshikaji ni gundi au rangi iliyoganda kwenye kona ya mfereji. Rangi huachiliwa kwa kupitisha ncha ya kisu chembamba pande zote, na nimeona paneli zilizookolewa kwa kisu peke yake.

Zile 4 zilizokwisha kupasuka zinatengenezeka bila kuvunja fremu. Fundi akate mdomo wa nyuma wa mfereji kwa rauta ndogo yenye biti iliyonyooka, amalizie pembe kwa patasi, kisha aitoe paneli kwa nyuma. Mpasuko upakwe gundi, ubanwe, upigwe msasa. Kisha paneli irudishwe na kuzuiliwa kwa vijiti vyembamba vilivyopigiliwa kwenye fremu, wala msumari usiguse paneli. Kazi hiyo ifanyike hukohuko Dodoma.

Shikamoo mwalimu. Nina rauta ya wati 1,800 yenye kasi inayorekebishwa, meza niliyoiunda mwenyewe kwa plaiwudi, na seti ya biti tatu, mbili za fremu na moja ya paneli. Nilianza kwa kuchonga paneli, kisha nikaunda fremu, nikakuta vipimo havikubaliani. Pembe za paneli zinachanika, na pale mwimo unapokutana na mlalo pana ngazi unayoweza kuihisi kwa kidole. Nifuate utaratibu gani? Mlango wangu ni wa upana wa milimita 400 na urefu wa 700, na mbao ni za msindano wa huku kwetu.
*Fundi kijana, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Vifaa vyako vinatosha, na mkono wako pengine hauna kasoro. Kilichoharibika ni mpangilio. Paneli huja mwisho, kwa sababu kipimo chake hutolewa kwenye fremu iliyokwisha kuunganishwa bila gundi.

Anza na unene. Ubao wa sokoni unaoitwa wa inchi moja, ukisharandwa pande zote mbili, hukuachia milimita 20 au 21 ukibahatika. Randa miimo na milalo ya milango yote siku moja, mashine ikiwa katika mpangilio mmoja, na pamoja nayo randa vipande vitatu au vinne vya majaribio kutoka mbao zilezile. Chagua mbao zilizonyooka na zisizo na fundo kwa ajili ya miimo, hata kama utalazimika kuzitafuta katika rundo zima, kwa sababu mwimo uliopinda hutoa mlango uliopinda na hakuna bawaba itakayoufunga vizuri. Kisha weka alama ya penseli kwenye uso wa mbele wa kila kipande. Alama hiyo ndiyo dawa ya ngazi unayoilalamikia. Biti zote mbili za fremu hupimwa urefu kutoka usawa wa meza, na kila kipande hulazwa uso wake ukitazama meza. Ukigeuza kimoja tu, umbo litahama. Kama una hakika hukugeuza chochote na bado kuna ngazi upande wa mbele, basi biti ya pili imesimama juu au chini kuliko ya kwanza. Irekebishe kwa vipande vya majaribio, robo milimita kwa robo milimita, mpaka ukipitisha ukucha kwenye kiungo usikwame. Ngazi ikiwa upande wa nyuma peke yake, kosa ni la unene, na msasa utaimaliza.

Sasa hesabu. Chukua miimo ya upana wa milimita 60 na mfereji wa kina cha milimita 10. Urefu wa mlalo ni upana wa mlango, kutoa miimo miwili, kuongeza kina cha mifereji miwili: 400 kutoa 120 ni 280, kuongeza 20 ni 300. Kina cha mfereji hutofautiana kutoka biti hadi biti, kwa hiyo chonga kipande cha jaribio, kipime, na utumie namba yako badala ya yangu.

Ncha za milalo huchongwa kwanza, kabla ya kingo ndefu. Biti ya ncha huacha umbo lililo kinyume cha nakshi ya ukingo, ili viwili hivyo vikutane kama kidole na pete. Ukianza na kingo, ile nakshi nyembamba itabaki bila mgongo wakati biti inapotokea upande wa pili, nayo itachanika. Usiusukume mlalo wa upana wa milimita 60 kwa mikono mitupu, maana biti itauvuta na kuuzungusha, na vidole viko karibu. Unda kigari, yaani ubao wenye pembe ya mraba unaoteleza kando ya kiegemezo cha meza (ule ubao ulionyooka wa kuongozea kazi), ubane mlalo juu yake, na nyuma ya mlalo uweke kipande cha mbao taka kitakachopokea mchaniko. Mimi hupenda njia nyingine kama mbao inaruhusu: nachonga ncha za ubao mmoja mpana wa milimita 130, kisha naupasua katikati kupata milalo miwili. Ubao mpana hutulia mezani kama mtu mzima.

Baada ya ncha, chonga kingo za ndani za miimo yote na milalo yote. Sukuma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu rauta iliyopinduliwa chini ya meza huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, na ubao lazima upingane na mzunguko huo. Ukienda nao, biti itaunyakua na kuurusha. Kamwe usipitishe ubao kati ya biti na kiegemezo. Ubao uliochanwa ncha kama kitana, ukibanwa mezani, utaubana mwimo dhidi ya kiegemezo bila kuchoka, kazi ambayo mkono hauiwezi kwa mita nzima.

Unganisha fremu bila gundi, ikague kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, kisha pima ndani kutoka sakafu ya mfereji hadi sakafu ya mfereji. Kwa mfano wetu utapata upana wa milimita 300 na urefu wa 600. Urefu wa paneli punguza milimita 3 tu, uwe 597. Upana ndio wenye siasa yake, maana unategemea ubao wako uko katika hali gani siku hiyo na mlango utakwenda kuishi wapi. Ukifanya kazi wakati wa kiangazi, mbao zikiwa kavu kabisa, zitavimba mvua zikija, kwa hiyo acha nafasi ya milimita 3 kila upande na ukate paneli 294. Ukifanya kazi katikati ya masika, zitasinyaa tu, milimita 1.5 kila upande inatosha, na paneli itakuwa 297. Msindano husogea kuliko mninga, ambao mafundi wanaupenda, pamoja na mengine, kwa utulivu wake. Usikopi vipimo vya paneli ya mninga ukavipeleka kwenye msindano.

Kama huna mita ya unyevu, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na ncha, ukipime. Kikiwa gramu 112, kiweke kwenye joto la nyuzi 103 hadi uzito wake usishuke tena. Kikisimama kwenye gramu 100, unyevu ulikuwa asilimia 12. Asiye na oveni ya kuaminika apime ubao mmoja kila wiki ndani ya chumba kile ambamo kabati litakaa, na aanze kazi uzito utakapotulia.

Paneli iunde kwa mbao nyembamba za upana wa milimita 75 hadi 100 zilizounganishwa kwa gundi, wala si kwa ubao mmoja mpana, ambao hupinda kama kigae. Unene wa milimita 15 au 16 kwa kawaida huufanya uso wa kifua ulingane na uso wa fremu, kama biti yako haina kisu cha nyuma, yaani kisu cha pili kinachopunguza ukingo wa paneli kwa upande wa nyuma. Ikiwa nacho, unene wa fremu na wa paneli unaweza kuwa mmoja.

Sasa kuchonga. Shusha kasi ya rauta hadi mizunguko 10,000 au 12,000 kwa dakika, na sababu yake nimeieleza katika jibu linalofuata. Kiegemezo kikae mstari mmoja na beringi ya biti. Laza paneli uso ukitazama meza, chonga kwanza ncha mbili zinazokata nyuzi, kisha pande mbili zinazofuata nyuzi. Pembe zako zinachanika kwa sababu ulifanya kinyume: biti inapomaliza kukata nyuzi lazima ing'oe kipande kidogo kwenye kona, na mapito ya upande mrefu yanayofuata ndiyo yanayokifuta kidonda hicho. Inua biti milimita 3 tu kwa kila mzunguko wa pande nne, na pito la mwisho liwe la nusu milimita, la taratibu na bila kusimama, maana hilo ndilo litakaloamua kama utapiga msasa dakika mbili au nusu saa. Kabla ya pito hilo, jaribu ulimi kwenye kipande cha fremu. Unatakiwa uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukihitaji nyundo ni mnene, ukicheza ni mwembamba na umechelewa.

Msindano una utomvu unaoganda kwenye kisu, na kisu chenye utomvu huunguza. Kila baada ya milango michache chomoa plagi, toa biti, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na ikaushe vizuri, beringi usiilowanishe.

Kuunganisha: gundi iguse ncha za milalo peke yake, na kwa kiasi, kwa sababu ikizidi itatiririka mferejini na kuishika paneli, na tutarudi kwenye barua ya Dodoma. Ili paneli isigonge mlango ukifungwa, kata vipande vidogo vya mpira wa ndara kuukuu na uvitie mferejini, viwili kila upande mrefu. Vinabonyea paneli ikivimba na kufutuka ikisinyaa. Bana kwa klampu, kisha pima kutoka kona hadi kona. Kwa mlango huu mistari miwili ya mshazari inapaswa kuwa milimita 806 kila mmoja. Ikitofautiana, usukume ule mrefu kabla gundi haijashika.

Bwana fundi, nina rauta ndogo ya mkono yenye koleti (kishikio cha shina la biti) ya milimita 6, na rafiki yangu ana kubwa ya kasi moja, mizunguko 22,000. Dukani nimeona biti kubwa ya paneli. Je, naweza kuitumia kwa mkono, ubao ukiwa umebanwa mezani? Rafiki yangu alijaribu mara moja, ubao ukaungua na mashine ikatetemeka hadi akaizima.
*Msomaji, Morogoro*

Rafiki yako alifanya vyema kuizima. Jibu ni hapana, na ningependa ulione kwa hesabu badala ya kuniamini tu.

Biti ya paneli ya kulala, yaani ile inayochonga paneli ikiwa imelazwa mezani, ina kipenyo cha kama milimita 83. Kwa mizunguko 22,000 kwa dakika, ncha ya kisu chake husafiri karibu mita 95 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 340 kwa saa, wakati basi la abiria barabarani haliruhusiwi kuzidi 80. Ukishusha hadi mizunguko 10,000, ncha huenda kama kilomita 156 kwa saa, mwendo ambao kisu kinaustahimili na ubao hauungui. Biti nyembamba ya milimita 12, kwa kasi ileile ya 22,000, haifiki hata kilomita 50 kwa saa, na ndiyo maana rauta ya kasi moja inaifanyia kazi hiyo bila tatizo. Kwa hiyo mashine ya rafiki yako, isiyopungua kasi, haifai kwa biti kubwa, iwe mkononi au mezani. Vipo vidhibiti kasi vya nje vinavyochomekwa kati ya plagi na mashine, na hufanya kazi kwa mota za brashi zisizo na elektroniki yake ndani, lakini nguvu hupungua pamoja na kasi, na hapo mapito yawe mepesi zaidi.

Hata kwa kasi ndogo, biti hiyo ni ya mezani tu. Ikiwa mkononi, uzito wake huvuta mashine pembeni, kitako cha rauta hubaki na sehemu ndogo sana ya kuegemea, na kisu kipana kama kiganja kinazunguka mbele ya tumbo lako.

Halafu kuna shina. Biti hizi huja na shina la milimita 12 au la inchi nusu, yaani milimita 12.7, na madukani kwetu huuzwa zikiwa zimechanganywa. La inchi nusu halitaingia kwenye koleti ya 12, na hilo afadhali, kwani utajua. Hatari ni kinyume chake: shina la 12 kwenye koleti ya 12.7 huonekana kama limebanwa, kisha biti hupanda taratibu ikiwa kazini. Beba koleti yako dukani. Na unapofunga, shina lizamishwe hadi mwisho, kisha livutwe nje kama milimita 3 kabla ya kukaza. Hiyo rauta ndogo ya milimita 6 iweke kwa nakshi za kingo na mitaro ya bawaba. Kazi hii haikuundiwa.

Njia ulizobakiwa nazo ni tatu. Ya kwanza ni biti ya wima, ambayo kipenyo chake ni chini ya nusu ya ile ya kulala na hivyo inavumilia kasi kubwa zaidi. Paneli husimamishwa juu ya ukingo wake na kuegemezwa kwenye kiegemezo kirefu, chenye urefu wa sentimita 20 hivi, ili isiyumbe. Nayo ni ya mezani, inahitaji shina nene, na haiwezi kuchonga paneli yenye upinde juu, ila milango mingi ya jikoni ni ya pembe nne na haitakosa kitu. Soma kasi iliyoandikwa kwenye biti yenyewe kabla ya kuifunga kwenye mashine ya rafiki yako. Ya pili ni msumeno wa meza, ukiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 na paneli ikisimamishwa vivyo hivyo. Alama za meno utaziondoa kwa randa. Ya tatu ni randa ya mkono peke yake. Chora mstari wa bega kwa kisu, uzamishe kwa msumeno mwembamba, kisha teremsha mteremko kwa randa ukianza na ncha zinazokata nyuzi. Ni kazi ya kama saa moja kwa paneli kwa mtu aliyezoea. Mimi nilianza hivyo, na bado nadhani asiyewahi kuifanya hata mara moja huiamini mashine kupita kiasi.

Ndugu fundi, je, nikitumia MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) kwa paneli badala ya mbao, sitakuwa nimekwepa taabu hizi zote za kusinyaa?
*Msomaji, Mombasa*

Utakuwa umezikwepa nyingi, ikiwa mlango utapakwa rangi. MDF haina nyuzi zinazofuata upande mmoja, kwa hiyo haisogei kwa upana kama ubao, huchongeka bila kuchanika, na paneli yake unaweza kuigandisha kwa gundi mferejini bila kosa, jambo linaloufanya mlango kuwa imara zaidi. Kingo zilizochongwa hunywa rangi kama sifongo, basi zipake koti la kwanza, zipige msasa, na uzipake tena kabla ya rangi yenyewe. Vumbi lake ni jembamba kuliko la mbao na limechanganyika na gundi ya kiwandani, hivyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Isipokuwa kabati la chini ya sinki: hapo maji hudondoka siku moja, MDF ikavimba, na haitarudi tena. Mahali hapo weka mbao.

Mwalimu, naunda milango kwa msaji. Viungo vya fremu vinaachia baada ya miezi michache ingawa nabana usiku kucha, na kiangazi hutokea mstari mweupe kuzunguka paneli ambao haukuwapo nilipokabidhi kazi. Wateja wangu hapa wameanza kunidai. Kosa liko wapi?
*Fundi, Tanga*

Ni makosa mawili, na yote ni mepesi kusahihisha.

Msaji una mafuta ya asili, hayo yanayoufanya usiliwe na wadudu, na mafuta hayo hupanda usoni saa chache baada ya kuchongwa na kuzuia gundi isishike. Futa ncha za milalo na sehemu za miimo zinazopokea gundi kwa kitambaa safi chenye spiriti, ngoja ikauke, kisha paka gundi papo hapo. Ukienda kula chakula cha mchana katikati, futa tena. Msaji pia una chembe za silika zinazomaliza makali haraka, kama ule mvule wenye vijiwe ndani yake, kwa hiyo biti za chuma cha kawaida ni hasara. Nunua zenye ncha za kabaidi. Na ukija kufanya mvule, kumbuka kwamba vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengi. Vaa kinga tangu ubao wa kwanza.

Mstari mweupe ni sehemu ya ulimi ambayo haikupakwa vanishi. Ulipopaka, mlango ukiwa umekwisha kuunganishwa, ulimi ulikuwa umejificha mferejini. Paneli iliposinyaa, ukachungulia nje ukiwa na rangi ya ubao mtupu. Paneli hupigwa msasa na kupakwa rangi ya kivuli (ile ya kukoza rangi ya ubao) pamoja na koti la kwanza la vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu, mbele, nyuma na kingo zote nne, tena nyuma kwa idadi ileile ya makoti kama mbele, maana uso mmoja ukiachwa wazi utanyonya unyevu peke yake na paneli itabinuka.

Kwa milango uliyokwisha kukabidhi, usiifungue. Subiri kiangazi, paneli zikiwa zimesinyaa kabisa na mstari uko wazi wote, kisha pitisha rangi ya kivuli kwa brashi nyembamba ya mchoraji kuzunguka ukingo, ufute inayozidi, na baada ya kukauka uipitishie vanishi nyepesi kwa brashi hiyohiyo, ukiangalia isijikusanye kwenye kona na kuigandisha paneli. Mlango mmoja hauchukui zaidi ya dakika 20.